Kufuli la simu na kufuli la ufunguo: lipi linastahili kuaminiwa mlangoni?

Mwenye Ghala, Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha zangu. Nina ghala la karafuu hapa Wete, lenye mlango wa mbao unaofungwa kwa mnyororo na tumbuu, na pia ninasimamia vyumba viwili vya wageni vya dada yangu kule Jambiani, ambavyo hufungwa kwa makufuli ya kawaida. Msimu wa karafuu ukifika, ghala hufunguliwa na watu kadhaa kwa siku na kila mmoja hutaka awe na ufunguo wake. Jambiani nako wageni huondoka na funguo mifukoni, nasi hubaki tukijiuliza ni nani aliyekwisha kuzichongesha. Muuzaji mmoja wa mjini amenishauri ninunue makufuli ya kisasa yanayofunguliwa kwa alama ya kidole au kwa simu kupitia Bluetooth, akasema kwamba hayana tundu la ufunguo na kwa hivyo hayachokoleki. Bei yake ni mara kadhaa ya kufuli zuri la shaba. Urahisi wake nimeuona kwa macho yangu na sina haja ya kuuulizia. Ninachotaka kujua ni udhaifu wake wa kiusalama ukilinganishwa na ule wa kufuli tulilolizoea, na kama maneno ya muuzaji yana ukweli.

Fundi Vitasa, Mlandege

Wa alaykum salaam, Maalim. Nitaanza na kufuli la ufunguo kwa sababu ndilo kazi yangu, na nitazitaja aibu zake zote, maana ulinganisho hauwi wa haki upande mmoja ukifichiwa.

Ndani ya makufuli mengi tunayouza mna pini ndogo zinazosukumwa na springi, na ufunguo sahihi huzipanga zikalingana, ndipo silinda inapozunguka. Mpango huu ni ule wa Linus Yale mwana, wa Marekani, aliousajili mwaka 1861, na hadi leo haujaachwa. Ubora wake wategemea jinsi chuma kilivyochongwa. Katika kufuli la bei ya chini pini huwa chache na nafasi zake ni pana, kwa hivyo mtu mwenye waya mbili na mazoezi kidogo hulifungua haraka, na tena ruwaza za funguo huwa chache kiasi kwamba ufunguo wa jirani waweza kukufungulia. Aibu ya pili ni ulimi wa upinde. Lifungue kufuli lako uutazame upinde: ukiona una mkato upande mmoja tu, na ukiubonyeza unajifunga wenyewe bila ufunguo, basi aghalabu ulimi wake ni wa springi, na kipande cha bati kilichokatwa kwenye kopo la soda, kikapindwa na kuingizwa kati ya upinde na mwili wa kufuli, huusukuma ulimi huo nyuma. Makufuli yenye mikato miwili ya mviringo, kila upande mmoja, hushikiliwa na gololi za chuma, na ujanja wa bati hauyawezi.

Lakini tazama jinsi wizi wa aina hii unavyofanyika. Mwaka 1851, wakati wa Maonesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la Bramah, ambalo lilikuwa likioneshwa dirishani mwa duka kwa miongo mingi pamoja na ahadi ya zawadi kwa atakayeliweza. Kazi hiyo ilimchukua saa 51, zilizogawanywa katika siku 16, akiwa na zana zake na amepewa nafasi ya kukaa mbele ya kufuli hilo. Hata kufuli dhaifu la leo, linalofunguliwa kwa dakika moja, bado linamtaka mwizi asimame kwenye mlango wako akiwa na zana mkononi, na akitaka kufungua mlango wa pili itamlazimu aanze tena upya. Hilo ndilo jambo ninalotaka mlipime mtakapofika kwenye makufuli ya simu.

Msimbaji, Chukwani

Shukran Fundi, umenifungulia njia. Dai la muuzaji kwamba kufuli lisilo na tundu halichokoleki linapotosha, kwa sababu tundu limehama tu: limetoka kwenye chuma likaingia kwenye mawimbi ya redio, kwenye programu ya simu na kwenye seva ya kampuni, yaani kompyuta yake kuu ya mtandaoni, na kila moja ya sehemu hizo imewahi kuvunjwa hadharani.

Mfano ulioandikwa kwa kina ni Tapplock One, kufuli la alama ya kidole na Bluetooth la kampuni ya Kanada, lililouzwa kwa karibu dola 99. Mwezi Juni 2018 watafiti wa Pen Test Partners wa Uingereza waligundua kwamba siri ya kulifungua ilikuwa ikitengenezwa kutokana na anwani ya Bluetooth ya kufuli lenyewe, na anwani hiyo ndiyo ambayo kufuli huitangaza hewani ili simu ya mwenyewe ilitambue. Kwa maneno mengine, kufuli lilikuwa likimtangazia kila mpita njia kile anachohitaji ili kuuchonga ufunguo wake. Programu waliyoiandika ililifungua kwa muda usiofika sekunde 2, bila mkwaruzo na bila kishindo. Tena, kwa kuwa anwani ya kifaa haibadiliki, siri nayo haikuweza kubadilika, na mtu uliyempa ruhusa ya siku moja angeweza kubaki nayo hata baada ya wewe kumfuta kwenye simu yako. Maalim, sababu uliyotaja ya kutaka kufuli la simu ni kuweza kuwaondolea ruhusa wageni na wafanyakazi, na jambo hilohilo ndilo ambalo kufuli hilo lilishindwa kulitimiza.

Katika siku hizohizo mtafiti mwingine, Vangelis Stykas, alionesha kwamba mtu aliyejisajili kwa akaunti yake mwenyewe angeweza kuzifikia akaunti za wengine kwenye seva, na humo akaona hadi mahali makufuli yao yalipo. Ikaonekana pia video ya kufuli hilo likifunguliwa kwa kuuzungusha mfuniko wa nyuma na kutoa skrubu kwa bisibisi. Shauri likafika kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, na mwezi Aprili 2020 kampuni ikakubali kuweka mpango wa usalama unaokaguliwa na kuacha kuwapotosha wateja kuhusu usalama wa bidhaa zake.

Wala halikuwa kufuli moja lenye bahati mbaya. Mwaka 2016, katika mkutano wa wadukuzi wa DEF CON huko Marekani, watafiti Anthony Rose na Ben Ramsey walieleza kwamba walijaribu makufuli 16 ya Bluetooth, na 12 kati yake yalifunguka. Mengine yalikuwa yakipeleka neno la siri hewani bila kulisimba, kwa hivyo aliyekuwa akisikiliza alilisoma kama lilivyo. Mengine yalikubali ujumbe wa jana uliorekodiwa na kurudiwa leo. Baada ya kuarifiwa, kampuni moja tu ndiyo iliyojibu, na jibu lake lilikuwa kwamba inalijua tatizo na haitalirekebisha.

Sasa rudi kwenye kipimo cha Fundi. Hobbs alipolifungua kufuli la Bramah alifungua kufuli moja. Aliyeandika programu ya kufungua Tapplock alifungua yote ya aina ile kwa mara moja, na mwizi anayeichukua programu hiyo hahitaji ustadi wowote wa mikono. Anahitaji simu tu.

Binti Makunduchi

Kaka Msimbaji, ninakuheshimu, lakini, kwa ruhusa yako, si yote ninayokubaliana nawe. Kwanza, mifano yako ni ya 2016 na 2018, na vifaa vimebadilika tangu hapo. Pili, mimi ninasimamia nyumba za kupangisha watalii, na ninaujua wizi unaotupata: mfanyakazi aliyeacha kazi na nakala ya ufunguo, mgeni aliyeupoteza ufunguo ufukweni pamoja na kibao chenye jina la nyumba, na kijana aliyetumwa kuuchongesha ufunguo mmoja Darajani akachongesha miwili. Sijaona hata siku moja mwizi aliyekuja na kifaa cha kusikiliza mawimbi ya redio. Kufuli la ufunguo halina kumbukumbu. Vitu vikipotea ndani, kila mwenye ufunguo ni mshukiwa, na mara nyingi anayebeba lawama ni msichana wa usafi, ambaye hana hatia. Kufuli la simu huniambia ni nani aliyefungua na saa ngapi, na ninaweza kumkatia mtu ruhusa nikiwa nyumbani. Kwangu mimi huo nao ni usalama, na ninawaomba msiuweke chini kwa sababu ya mambo yanayofanywa na wataalamu katika mikutano ya Marekani.

Msimbaji, Chukwani

Dada yangu, hoja ya nakala za funguo ni nzito na siwezi kuipuuza, khasa hilo ulilolisema la msichana wa usafi. Ila nikujibu kuhusu miaka. Mwezi Mei 2022 kampuni ya NCC Group ilionesha namna ya kulidanganya kufuli la Bluetooth lenye kutambua ukaribu wa simu, yaani lile linalokubali kufunguka kwa sababu tu simu ya mwenyewe iko jirani. Mtu mmoja anakaa karibu nawe na simu yako mkobani, mwenzake anasimama mlangoni kwako, na vifaa vyao vinapitishiana mawimbi baina ya simu na kufuli hadi kufuli likaamini kwamba umefika. Usimbaji hauzuii jambo hilo, kwa kuwa ujumbe ni wako halisi na hauvunjwi. Unachukuliwa kama ulivyo na kufikishwa. Walilionesha hilo kwenye kitasa cha Kevo cha Kwikset na kwenye gari la Tesla Model 3.

Mwezi Machi 2024 watafiti wakatangaza udhaifu wa vitasa vya hoteli vya Saflok, vinavyofunguliwa kwa kadi, vilivyowekwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131. Kwa kadi moja tu ya hoteli, hata iliyokwisha muda wake, waliweza kutengeneza kadi mbili ambazo zikigusishwa kitasani moja baada ya nyingine hufungua chumba chochote cha hoteli hiyo. Kampuni iliarifiwa tangu 2022, na hadi siku ya kutangazwa ni asilimia 36 tu ya vitasa vilivyokuwa vimerekebishwa au kubadilishwa, kwa sababu ilibidi fundi afike kwenye kila mlango. Hiyo ni kampuni kubwa yenye wateja wanaojulikana. Kufuli lisilo na jina, linaloletwa ndani ya kasha na karatasi ya maelezo yenye picha ya msimbo wa kupakulia programu, nani atalirekebisha? Ninawaomba mlifikirie hili kuliko mengine yote, kwa sababu udhaifu katika programu ni jambo la kawaida, na tofauti kati ya kufuli jema na baya huonekana pale udhaifu unapogunduliwa.

Na marekebisho yenyewe nayo huleta balaa. Mwezi Agosti 2017 kampuni ya LockState ya Marekani ilipeleka programu mpya isiyo sahihi kwa vitasa vyake, na karibu vitasa 500 vikaacha kupokea namba za siri. Miongoni mwa wenye vitasa hivyo walikuwamo wapangishaji wa vyumba vya wageni kupitia mtandao wa Airbnb, watu wa kazi kama yako.

Kuhusu kumkatia mtu ruhusa ukiwa nyumbani, kumbuka kwamba kufuli la Bluetooth pekee halina intaneti. Katika makufuli mengi ya namna hii, unachokifuta kinafutika kwenye seva, na kufuli hujulishwa pale simu yenye habari mpya inapolikaribia, au lisijulishwe kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania nzima. Mgeni anayeshuka bandarini Malindi siku kama hiyo, akiwa na ufunguo ulio ndani ya programu inayotaka seva ya ng'ambo, utamwingizaje chumbani?

Nahodha, Mkoani

Mie nina machache, na yote ni ya pwani. Kufuli lolote hapa kwetu hupigana na chumvi. La shaba ukilitia mafuta laini kila mara hudumu, na likianza kukwama hukupa ishara siku nyingi kabla. La umeme lina tundu la kuchajia, na ndani ya tundu hilo mna vishikizo vyembamba ambavyo hewa ya bahari huvifanya kijani. Siku vinapokataa chaji, huna ufunguo wa kukimbilia. Na mjue kwamba unyevu na michubuko huvisumbua visomeo vya alama za vidole. Akina mama wanaofunga mwani Paje na Jambiani, na vijana wanaochambua karafuu kutwa nzima hadi mikono ikajaa mafuta yake, hao ndio watu ambao kufuli hilo litawakataa mlangoni kwao wenyewe. Na mtu akikataliwa mara nyingi, ataliacha wazi.

Tulikaa gizani Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa umeme wa baharini ulipoharibika. Kuchaji simu kulikuwa ni safari, sembuse kufuli.

Binti Makunduchi

Nahodha, hilo la vidole ni kweli na nimeliona kwa wafanyakazi wangu. Makufuli yangu mimi hufunguliwa kwa namba, na wala si kwa kidole.

Fundi Vitasa, Mlandege

Niongeze yale ambayo wauzaji hawayasemi kuhusu chuma cha makufuli haya, kwani Binti amesema kweli kwamba mwizi wetu haji na redio. Anakuja na bisibisi, nondo au mkasi wa kukatia chuma. Kwa hivyo tuliweke kufuli la simu mbele ya mwizi huyo. Mengi yake mwili wake ni wa aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ambayo ni laini kuliko chuma cha pua, kwa sababu bei uliyolipa imekwenda kwenye betri, mota, kisomeo na programu. Upinde huwa mwembamba ili mota ndogo imudu kuuachia. Baadhi yake, mota hiyo huzungushwa kwa sumaku yenye nguvu ikipitishwa nje ya kufuli. Na mengi yana tundu la akiba la ufunguo lililofichwa chini ya kifuniko cha mpira, kwa ajili ya siku betri inapokwisha, na silinda iliyomo humo ni ya daraja la chini kabisa, ile niliyosema hufunguka kwa waya mbili. Hapo mnunuzi amenunua udhaifu wa kufuli la zamani na wa kufuli jipya kwa pamoja, ilhali anaamini kwamba ule wa kwanza ameuacha dukani.

Kwa bei ya kufuli moja la simu lenye kutangazwa sana, Maalim, unapata kufuli la chuma kigumu lenye upinde mnene uliofunikwa mabegani, ambapo mkasi hauna pa kushika, na silinda ya pini nyingi. Ukiweza kuagiza lile la visahani vinavyozunguka badala ya pini, ambalo asili yake ni Abloy la Finland la mwaka 1907, litakuwa bora zaidi, kwani halina springi za kushika mchanga na kazi ya kulichokoa inataka zana maalumu.

Mwenye Ghala, Wete

Nimewasoma nyote kwa makini na ninawashukuru. Kwa upande wa ghala nimekwisha kuamua: nitaweka kufuli la ufunguo la aina aliyoieleza Fundi, funguo zitakuwa mbili tu, mmoja wangu na mmoja wa msimamizi, na wafanyakazi watafunguliwa mlango badala ya kupewa funguo. Karafuu ya msimu mzima siwezi kuiweka nyuma ya programu ambayo mwandishi wake simjui. Jambiani bado ninasita, kwa sababu hoja ya Dada Binti kuhusu nakala imeniingia. Je, ipo njia ya kati? Na aliyekwisha kununua kufuli la simu afanye nini?

Binti Makunduchi

Kwa vyumba vyako viwili, Maalim, tumia kufuli la namba lisilo na umeme ambalo namba zake unazibadilisha mwenyewe kila mgeni anapoondoka. Hutapata kumbukumbu ya saa, lakini hakuna ufunguo wa kuchongesha. Mimi nitabaki na makufuli yangu ya simu kwa sababu ya wafanyakazi wangu, ila kule kufunguka kwa kukaribia nitakuzima leo hii.

Fundi Vitasa, Mlandege

Lisiwe la namba tatu la kufungia begi, Maalim; hilo hufunguka kwa kuvuta upinde huku ukizungusha na kusikiliza kwa kidole. Tafuta la namba nne au tano, zito. Mwaka 2015 mtafiti Samy Kamkar alionesha kwamba kufuli moja la kuzungusha la Master Lock, lile la makabati ya skuli za Marekani, laweza kupatikana namba zake kwa majaribio 8 au pungufu, kwa hivyo aina hiyo nayo iepuke.

Msimbaji, Chukwani

Kwa aliyekwisha kununua: tafuta jina la kufuli lako kwenye mtandao pamoja na neno la Kiingereza "vulnerability", yaani udhaifu, uone watafiti wamesema nini na kampuni ilijibu nini. Angalia programu yake ya simu ilirekebishwa mara ya mwisho lini. Ikiwa ni miaka kadhaa nyuma, ichukulie kwamba imeachwa. Inyime ruhusa ya kujua mahali ulipo kila inapowezekana, tumia neno la siri ambalo hulitumii pengine popote, na kufuli lenyewe liweke mahali ambapo hasara yake utaistahamili, kama vile geti la uani au banda la baiskeli.

Nahodha, Mkoani

Na tumbuu, Maalim. Umetaja mlango wa mbao. Zitazame skrubu zake: ikiwa vichwa viko nje, mwizi hataligusa kufuli hata kidogo, atang'oa tumbuu na kufuli likiwa limefungwa. Toboa mbao hadi ndani, pitisha bolti nene zenye vichwa vya mviringo visivyoshikika kwa bisibisi, na nati zikazwe kwa ndani juu ya bamba la chuma. Kazi hiyo ifanywe kabla ya kununua kufuli lolote.

Mwenye Ghala, Wete

Nimekwenda kuzitazama sasa hivi. Vichwa vyote viko nje na viwili vimekwisha kuliwa na kutu. Fundi, nikija Unguja wiki ijayo nitapita Mlandege kuchukua bolti na bamba, na kufuli baada ya hapo.